Afike Kwanza

Kaka yangu Ombeni alipotelea upande wa Zambia wakati wa masika, na mahindi yalipoanza kuvunwa mimi nilikuwa nimeshamfinyanga upya kwa udongo, mrefu kama kiganja, amevaa shati lake mwenyewe. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia nilikuwa nachezea wafu. Nilipomfinyanga hakuwa mfu. Alikuwa hapatikani kwenye simu tu, na kwa Ombeni hilo halikuwa jambo geni. Simu zake zilikuwa zinaibiwa, zinadondoka, zinauzwa, na yeye anaibuka mwenyewe siku yoyote na mfuko wa karanga za Kongo, anauliza kuna nini cha kula.

Alikuwa utingo wa malori. Utingo ndiye yule anayefunga turubai, anayepika kando ya barabara, anayelala chini ya gari wezi wa mafuta wasisogee, na sifa zote zinakwenda kwa dereva. Aliondoka hapa Tunduma na lori la saruji. Mara ya mwisho alimpigia mama akiwa ng'ambo, akamlalamikia kwamba ugali wa huko ni laini mno, mtu anakula kama mgonjwa. Mama alicheka siku nzima. Baada ya hapo, kimya.

Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya filamu katika chuo kimoja Mbeya. Kazi ya kuhitimu ilikuwa filamu fupi ya katuni yenye mhusika mmoja. Mwalimu wetu, Madam Erica, mwanamke mkavu asiyejua kupamba maneno, alituambia: "Sitaki hadithi. Nataka mtu. Niambie anataka nini, halafu mzuie asikipate." Wenzangu wakaleta sungura na fisi, mmoja akaleta mwanajeshi anayeruka juu ya maghorofa. Mimi niliandika mstari mmoja: utingo anataka kufika nyumbani. Madam aliusoma, akanitazama, akasema huyu wa kwako anapumua.

Kwa hiyo nikarudi nyumbani Chapwa, mtaa wetu hapa Tunduma, kuifanyia kazi huko, kwa sababu katuni ya udongo haitaki watu wa kupitapita, na mabweni yetu ni soko. Mama alihamisha magunia, akanipa stoo. Niliziba dirisha kwa blanketi, nikafunga taa mbili na kuikaza simu kwenye kigoda isitikisike. Barabara niliitengeneza kwa msasa wa mafundi wa mbao, ule mweusi. Ukiupiga picha kwa karibu ni lami tupu. Malori niliyakata kwenye maboksi ya biskuti, nikayapanga foleni kama yale ya hapo nje kwetu, yasiyosogea kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwisho wa msasa niliiweka nyumba yetu: bati, ukuta wa udongo, na mlango wa kipande cha kreti unaofunguka kweli.

Sasa shati. Sanamu niliifinyanga kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na nta na mafuta ya alizeti ili usikauke, na waya ndani badala ya mifupa. Ilikuwa na sura ya Ombeni, lakini ikiwa uchi haikuwa na mtu. Nguo yake iliyobaki nyumbani ilikuwa moja tu, shati la drafti jekundu na jeusi aliloliacha kwa sababu kola ilikuwa imekwisha. Nyingine zote aliondoka nazo. Utingo hutembea na kabati lake begani. Nikachukua mkasi. Mgongo ukawa shati dogo na shati la akiba, mikono ikawa mapazia ya nyumba ya maboksi, vilivyobaki vikawa vitambaa vya kufutia vidole vyenye mafuta. Mama alikuwa amekaa hapohapo akichambua maharage. Aliniambia tu nishone kola vizuri, mwanaye asionekane ombaomba. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba siku moja shati lile lingekuja kuulizwa.

Asiyejua kazi hii anadhani ni mchezo. Unasogeza mguu upana wa punje ya mchele, unaondoa mkono, unapiga picha. Unasogeza tena bega, unapiga. Siku nzima imekwisha, mgongo umekufa, na mtu wako amepita lori moja. Ukitikisa meza kwa kiwiko, umeharibu kazi ya mchana. Nilikuwa nawagombeza mpaka kuku.

Mama alikuwa anauza mchele sokoni, upande wanaopenda kununua Wazambia. Kutwa nzima anawasalimia kwa Kibemba, "mulishani, mukwai", akirudi nyumbani sauti imemkauka. Mwanzoni akipita stoo alikuwa anachungulia tu. Siku moja aliingia, nikamwonyesha kwenye simu Ombeni akitembea, akakunja uso.

"Ombeni hatembei hivyo," akasema.

"Anatembeaje?"

"Huyo anatembea kama katekista. Ombeni anatanguliza bega la kushoto, kama mtu anayesukuma mlango."

Nilikasirika, kwa sababu ilinibidi nirudie kazi ya siku nyingi, na kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilipotanguliza lile bega, stoo ilibadilika. Nilizichezesha picha zile, na kaka yangu akaja barabarani akitembea kama anayeidai dunia kitu. Nililia kidogo. Mama hakulia. Alivuta kigoda, akasema, "Haya. Ndiye huyo."

Tangu siku hiyo, akitoka sokoni hakupita tena jikoni kwanza. Alikuwa anasimama mlangoni mwa stoo na mzigo wake kichwani, anauliza, "Amefika wapi?"

"Amepita lori la mafuta, mama."

"Amekula?"

Mwanzoni nilicheka. Nikamfinyangia Ombeni muhindi wa kuchoma, nikapiga picha akiutafuna, mama akaridhika. Kisha nikaanza kumsikia akiwaambia majirani, "Ombeni amekaribia, bado malori machache." Alilisema kwa sauti ileile ya kusema mvua imekaribia. Majirani walikuwa wananitazama mimi, nami natazama pembeni. Nilianza kuogopa. Nilijiuliza, huyu wa udongo akigonga mlango, na yule wa kweli asigonge, mama yangu itakuwaje?

Basi nikaanza kumchelewesha. Nilimfanya ainame kufunga kamba za viatu. Nikamfanya asaidie kusukuma mkokoteni. Nikamwekea mbwa, nikamwekea askari wa kumuuliza maswali, nikamnyeshea mvua ya nyuzi za nailoni. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi ya kwangu niliirefusha kwa msasa, kila karatasi ikiisha nabandika nyingine. Madam Erica alinipigia akiwa amekwisha kuona vipande nilivyomtumia. "Enesi, mtu wako anatembea vizuri mpaka ananiudhi. Lini anafika? Wenzako wote wamewasilisha." Nikamwambia bado kidogo. Akasema, "Wewe unauogopa huo mlango." Nikakata simu nikisingizia mtandao.

Habari aliileta dereva anayeitwa Ambilikile, ambaye aliwahi kufanya kazi na Ombeni. Alikuja mchana, amevua kofia tangu getini, na mtu akivua kofia tangu getini huna haja ya kumuuliza habari za safari. Mkononi alikuwa na mfuko wa sandarusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekutana na mwenzio huko?"

Ambilikile alikaa. Alieleza akitazama chini. Lori lilishindwa mteremko, likapinduka na kuwaka moto. Dereva alitupwa nje, akafia hospitali bila kusema neno. Ombeni alibanwa ndani. Watu wa kijiji cha hapo waliutoa mwili moto ulipopoa, na kwa hali uliyokuwa nayo wakauzika siku hiyohiyo, bila kujua ni wa nani. Yeye Ambilikile alikuwa amekwama Kongo, na aliporudi aliliona bodi la lori limelala kando ya barabara, akalitambua. Wanakijiji walimwonyesha tuta. Akafungua mfuko, akatoa sufuria nyeusi iliyopinda. Chini yake, kwa ncha ya msumari, lilikuwa limekwaruzwa jina: OMBENI.

Mama aliipokea. Aliigeuza huku na huku. "Hii niliinunua mimi," akasema. Akaenda nayo uani, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa pale ilipoweza kung'aa, akaianika. Kisha akarudi, akamwuliza Ambilikile kama atakunywa chai. Halafu akanigeukia.

"Enesi, leo amefika wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ambilikile alinitazama akisubiri nimweleze mama yangu anasema nini, nami nikainuka kwenda kuinjika chai.

Ukoo wetu ni wa kijiji cha Hasamba, watu wa kahawa na mahindi, wasiopenda jambo likae bila mpaka. Baba mdogo Fanueli, mdogo wake marehemu baba, alikuja keshoye. Kumfukua mtu katika nchi ya watu ni kibali juu ya kibali, na wazee walishasema haiwezekani. Lakini kwetu mtu haachwi akizurura. Akifia mbali na mwili usipatikane, unakatwa mgomba wenye kimo chake, unavishwa nguo yake, unazikwa kwenye makaburi ya ukoo kwa heshima zote. Mchungaji jambo hilo analijua na halijui. Huja na kitabu chake, huomba, hula, huondoka.

Kaburi lilichimbwa huko Hasamba. Siku ya kuzika, baba mdogo alitufuata Chapwa na Noah ya kukodi. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa uani tangu asubuhi, kanga zimefungwa viunoni, wametulia kama walio kwenye foleni ya zahanati. Msiba una mwenyewe. Mama mtu hajatoa sauti ya kilio, nani atangulie? Na mama alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Nguo yake iko wapi?" baba mdogo akaniuliza.

"Hakuna, baba."

"Mtu mzima hana hata shati?"

"Lilikuwepo moja. Nililikata."

"Ukafanyia nini?"

Nikampeleka stoo, nikawasha taa. Baba mdogo alipoinama nilijiandaa kutukanwa, maana ana ulimi, na kanisani ni mzee wa kupinga sanamu. Alikaa ameinama muda mrefu. Aliponyanyuka macho yalikuwa yamelowa.

"Hili bega," akasema. "Mungu wangu, hili bega lake." Akajifuta kwa mkono wa koti. "Wewe mtoto, hivi ulijua unachokifanya? Umekata sanda ya kaka yako."

"Sikujua kama amekufa."

"Hukujua." Akavuta pumzi. "Basi hakuna namna. Amevaa nguo iliyogusa mwili wake, na sura yake anayo. Tutamfunga kwenye mgomba, azikwe huyu. Mtoe, gari linasubiri."

Nilinyoosha mkono kumng'oa kwenye msasa. Nakiri nilifikiri pia juu ya filamu yangu. Kazi ya miezi yote hii inakwenda ardhini bila mwisho, nami nitarudi Mbeya nikamwambie nini Madam? Mtu anaweza kuwa na uchungu wa kaka na uchungu wa cheti katika kifua kimoja. Asiyeamini hajafiwa akiwa mwanafunzi.

"Haendi," mama akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, kisu cha viazi mkononi. Nyuma yake wanawake walikuwa wameinuka.

"Shemeji," baba mdogo akaanza kwa upole.

"Shemeji, unamzika mtu aliye njiani? Tazama alipo. Nyumba ile pale. Muulize Enesi, bado mwendo wa kidogo tu."

Wote walinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfanya arukwe na akili, na pengine walikuwa sahihi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilikuwa nimemchelea mama, na sasa sote wawili tulikuwa hatuna machozi.

"Shemeji, ardhi imefunguliwa," akasema baba mdogo. "Haiwezi kulala wazi."

"Afike kwanza," mama akasema. "Akifika, nitasema mimi mwenyewe."

Baba mdogo aliniangalia, nikatikisa kichwa kukubali, akatoka. Nilimsikia akimwambia dereva wa Noah azime gari. Mama alifunga mlango, akashusha blanketi vizuri dirishani, akakaa kwenye kigoda chake karibu nami. Aliweka kisu chini.

"Mama," nikasema, "ningeweza kumfikisha zamani."

"Najua. Ulikuwa unamchelewesha. Huyo mbwa hakuwa na kazi yoyote." Alimtazama Ombeni, si mimi. "Nilikuacha kwa sababu hata mimi sikutaka afike. Akifika, sitakuwa na mtu wa kumngojea."

Ndipo nilipojua kwamba hakuwa amerukwa na akili hata siku moja. Alikuwa anajua kama nilivyojua mimi, na kila jioni alikuwa anakuja kuuliza ili siku ipite. Nilitaka kumkumbatia. Akasema, "Fanya kazi, watu wanangoja."

Nikafanya kazi. Bega la kushoto, mguu, picha. Nje palikuwa kimya, malori tu yakinguruma mbali. Ombeni aliipita foleni, akaacha lami, akakanyaga vumbi la kwetu ambalo nilikuwa nimelichota uani na kulinyunyiza kwa chujio. Picha nyingine zilitoka vibaya, sikuzirudia. Alifika mlangoni. Nikamwinua mkono akagonga.

Ndani ya nyumba ya maboksi kulikuwa na mama wa udongo, niliyemwandaa siku nyingi, na kitenge chake. Ilikuwa afungue mlango, Ombeni acheke, iishie hapo. Nilipoanza kumsogeza, mama alinizuia.

"Huyo mtoe. Mimi nipo."

"Mkono wako utaonekana kwenye picha."

"Uonekane."

Katika kazi yetu mkono ukiingia kwenye picha, picha hiyo unaifuta bila kufikiri. Nilimtoa yule mama wa udongo. Mama yangu akausukuma mlango wa kreti kwa kidole chake kilichopasuka kwa kushika magunia. Nikapiga. Akausukuma tena. Nikapiga. Mlango ulipokuwa wazi alimshika mwanaye kiunoni, akamsogeza kidogo, akaondoa mkono kama alivyoniona nikifanya, akanisubiri, akamsogeza tena. Alikumbuka kutanguliza bega. Hatua baada ya hatua akamwingiza ndani, akamlaza chali kwenye kitanda cha maboksi ya viberiti.

"Umekuja," akamwambia.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alikuwa anamwangalia usoni. Macho nilikuwa nimeyatengeneza kwa shanga nyeupe na nukta nyeusi, makubwa kuliko ya kawaida, kwa sababu mhusika bila macho hasemi kitu. Yalikuwa yanatazama dari la boksi.

"Kule hakuna aliyemfumba macho," mama akasema. "Waliomtoa hawakumjua."

Alilowesha kidole gumba kwa ulimi. Akausukuma udongo wa paji la uso taratibu ukashuka juu ya jicho la kwanza, akaulainisha. Kisha la pili. Alifanya kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Akabaki ameweka gumba lake hapo.

"Piga," akaniambia.

Nikapiga. Ndiyo picha ya mwisho ya filamu yangu: uso wa kaka yangu na kidole cha mama. Madam Erica aliniuliza baadaye kama ningependa kuongeza jina, au muziki, nikamwambia sitaongeza kitu.

Mama alitoa ile sauti akiwa bado amekaa kwenye kigoda. Sitaieleza. Wanawake uani waliipokea kabla haijaisha, na nikasikia baba mdogo, mzee wa kanisa, akilia kama mtoto kando ya gari. Mimi nilizima taa moja, kisha ya pili. Mama alimng'oa Ombeni kitandani, akamzungushia ncha ya kanga yake akamwacha uso nje, tukatoka.

Dereva wa Noah alifungua nyuma, pale walipokuwa wameweka mkeka na majani ya mgomba, akasema mzigo ukae huku. Mama alimpita. Aliingia kiti cha mbele akampakata, na alimpakata hivyo mpaka Hasamba.